Njia ya Maji: Kutembeleana kwa Wakristo wa Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kukumbuka tarehe, majengo, kengele na majina ya watumishi waliotangulia. Hayo yote ni haki yao. Hata hivyo, iko sehemu ya historia isiyoandikwa sana katika vitabu vya sharika, nayo ni historia ya njia. Kabla ya kuwapo mimbari palikuwa na njia iliyomleta mhubiri, na kabla ya kuwapo ubatizo palikuwa na ndugu aliyesafiri kumwambia nduguye habari aliyoisikia. Kwa watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa njia hiyo ilikuwa maji, na chombo chake kilikuwa mtumbwi.

Msomaji wa Maandiko hatalishangaa jambo hili. Mwinjilisti Luka anaeleza katika Matendo ya Mitume jinsi Paulo alivyosafiri akiambaa pwani, bandari hata bandari. Huko Tiro aliwatafuta wanafunzi, akakaa nao siku saba, na siku ya kuondoka wakamsindikiza hadi ufukweni pamoja na wake zao na watoto wao, wakapiga magoti mchangani na kuomba. Huko Ptolemai aliwasalimu ndugu, akakaa nao siku moja. Hata alipokuwa mfungwa, akida Yulio alimruhusu pale Sidoni awaendee rafiki zake apate kutunzwa. Kanisa la kwanza liliunganishwa na nyaraka, lakini liliunganishwa vilevile na wageni walioshuka chomboni wakiwa na njaa na habari.

Ziwa na milima yake

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake mahali pengine hufikia takriban mita 700. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, kama maji yaliyojazwa katika mtaro mrefu wenye kuta. Upande wa kaskazini, kwenye tambarare ya Kyela, mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huleta udongo wenye rutuba, na ndiyo sababu nchi hiyo ina sifa ya mpunga, ndizi na kakao. Lakini mtu akifika Matema na kugeuka kuelekea kusini-mashariki, tambarare hukoma ghafula. Milima ya Livingstone, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hushuka moja kwa moja hadi majini. Vijiji vimebanwa katika vighuba vidogo, kila kimoja na ufukwe wake, na kati ya kimoja na kingine pana majabali.

Umbo hilo la nchi ndilo lililoamua namna ya maisha. Kwa vizazi vingi mtu wa Ikombe, Lumbila au Lupingu aliyetaka kumwona dada yake aliyeolewa kijiji cha pili alikuwa na njia mbili. Angeweza kupanda mlima kwa miguu kwenye vijia vya mbuzi, kisha kushuka tena upande wa pili akiwa amechoka. Au angeweza kuingia mtumbwini alfajiri, ziwa likiwa shwari, na kufika kabla jua halijawa kali. Wengi walichagua maji. Milima iliwatenga, na ziwa likawaunganisha.

Vyungu, samaki na undugu

Wakisi, wenyeji wa vijiji hivyo vya chini ya milima, wamejulikana tangu zamani kwa kazi mbili. Wanaume ni wavuvi, na wanawake ni wafinyanzi. Vyungu vyao hufinyangwa kwa mkono, hupakwa udongo mwekundu, hupambwa na kuchomwa kwa moto wa wazi. Kwa kuwa mashamba ya miteremkoni ni machache, chungu kilikuwa shamba la pili la mama wa Kikisi. Alikipakia mtumbwini pamoja na vingine vingi, vikiwa vimetengwa kwa nyasi visigongane, akakipeleka tambarare kwa Wanyakyusa, akarudi na mahindi, mchele au ndizi. Soko la Lyulilo karibu na Matema limekuwa maarufu kwa vyungu hivyo, na kutoka hapo vimesafiri mbali sana na ziwa.

Safari hizo zilikuwa za biashara, lakini hazikuwa za biashara peke yake. Chombo kilipotia nanga hakuna aliyeuza na kuondoka kama mgeni asiyejulikana. Palikuwa na shangazi wa kusalimiwa, mtoto mchanga wa kuonwa, msiba wa kupewa pole. Biashara ilileta urafiki, urafiki ukaleta ndoa, na ndoa ikaleta safari mpya. Baada ya vizazi kadhaa mwambao wote ukawa kama nyumba moja yenye vyumba vingi.

Wanyakyusa nao wana neno ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza kwa amani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1930, waliliona neno hili kuwa ufunguo wa maisha ya jamii hiyo. Kwa Mnyakyusa wa wakati ule mtu aliyekula peke yake alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, na ukarimu kwa mgeni ulikuwa kipimo cha utu. Injili ilipofika katika nchi hii haikukuta watu wasiojua maana ya ushirika. Ilikuta watu waliokuwa tayari wanao msingi, wakangojea kuonyeshwa jiwe la pembeni.

Injili ilikuja kwa maji

David Livingstone alilifikia ziwa hili mwaka 1859, na mwaka 1861 aliambaa pwani yake ya magharibi kwa mashua ndogo. Aliyoyaona yalimhuzunisha, kwa maana maji yaleyale yaliyobeba vyungu na wageni yalibeba pia majahazi ya watumwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, waanze safari ndefu ya kwenda pwani ya bahari. Mwaka 1875 Waskoti wa misheni ya Livingstonia walileta meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ilala. Ilibebwa vipande vipande na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaunganishwa tena. E. D. Young, aliyeiongoza, aliizungusha ziwa zima mwaka huohuo, naye ndiye aliyeipa milima ya kaskazini-mashariki jina la Livingstone.

Miaka 16 baadaye, mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani walifika Unyakyusa. Wale wa Berlin waliongozwa na Alexander Merensky, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi wa kazi Afrika Kusini. Wamoraviani walifika mwaka uleule na kuanza Rungwe. Makundi yote mawili hayakuja kwa njia ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam. Walipita mto Zambezi, wakapanda Shire, wakalivuka ziwa kuelekea kaskazini. Waligawana nchi kwa mapatano, Berlin wakichukua upande wa mashariki na Wamoraviani upande wa magharibi. Kutoka kituo cha kwanza cha Wangemannshöhe kazi ya Berlin ilienea Manow na Mwakaleli milimani, na Ikombe kando ya ziwa kwa Wakisi. Hivyo ndivyo ulivyoota mti ambao leo unaitwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania katika pembe hii ya nchi.

Upande wa kusini zaidi wa pwani hiyohiyo walifanya kazi Waanglikana wa UMCA, ambao kwao meli ilikuwa kanisa na shule inayoelea. William Percival Johnson alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akipita kijiji hata kijiji kwa chombo, akifundisha na kutafsiri Maandiko katika Kinyanja. Alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Walutheri na Waanglikana walitofautiana katika mambo kadhaa, lakini walijifunza somo moja kutoka kwa ziwa: mchungaji wa mwambao anayengoja watu wamjie atangoja sana.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba vituo vya misheni na meli za wageni ndivyo vilivyoeneza Injili peke yake. Wamisionari walikuwa wachache, na ufukwe ulikuwa mrefu. Aliyepokea neno kituoni alirudi kwao kwa mtumbwi. Aliyekwenda kuuza vyungu alisikia nyimbo na kuuliza maana yake. Binti aliyeolewa ng'ambo ya ghuba alibeba imani pamoja na vyombo vyake vya jikoni. Watu hao hawakuandikwa katika taarifa za mwaka zilizopelekwa Ulaya, kwa sababu safari zao hazikuitwa kazi ya misheni. Ziliitwa kwenda kusalimia. Mbele za Mungu, pengine tofauti ya mambo hayo mawili ni ndogo kuliko tunavyofikiri.

Marafiki wawili na vita vya mwaka 1914

Kisa kimoja cha ziwa hili kinastahili kukumbukwa na kila anayetafakari thamani ya urafiki. Wajerumani walikuwa na meli iliyoitwa Hermann von Wissmann, iliyoshushwa majini mwaka 1893, na nahodha wake kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliitwa Berndt. Waingereza wa Nyasaland walikuwa na meli Guendolen, ikiongozwa na Rhoades. Manahodha hawa wawili walikuwa marafiki. Walipokutana bandarini walitembeleana na kuketi pamoja kama watu wa kazi moja.

Mnamo Agosti 1914 habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Tarehe 13 mwezi huo aliingia Sphinxhaven, ambayo leo ndiyo Liuli, akaikuta Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaifyatulia mzinga. Berndt, ambaye hakuwa na habari yoyote ya vita, alitoka kwa mashua akimwendea rafiki yake kwa mshangao na hasira, na rafiki yake akamfanya mfungwa. Maamuzi ya wafalme wa mbali yalikata siku moja urafiki ambao ziwa lilikuwa limeujenga kwa miaka.

Vita hivyo havikuwaacha Wakristo salama. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Unyakyusa mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Wanaume wengi wenyeji walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na njaa na magonjwa vilifuata. Vituo vilibaki bila wachungaji waliobarikiwa. Wengi wa watazamaji wa nje wangeweza kusema kwamba kazi imekwisha.

Lakini haikwisha. Wazee na walimu wenyeji walikusanya watu kwa sala, walifundisha watoto, walizika wafu. Kanisa la Skoti, kwa njia ya misheni ya Livingstonia iliyokuwa ng'ambo ya ziwa, lilitoa msaada na uangalizi hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Msaada ulitoka tena ng'ambo, na uzoefu wa kutembeleana ukageuka kuwa uti wa mgongo wa Kanisa lisilo na mchungaji. Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa Wajerumani kwa mara ya pili, Walutheri wa Marekani na Sweden walisaidia kuziba pengo, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kujua kwamba ushirika wao haukutegemea pasipoti ya mtu yeyote. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yalipoungana na kuwa KKKT, Wakristo wa mwambao waliingia katika muungano huo wakiwa na mazoea ya muda mrefu ya kuhesabu ng'ambo kuwa nyumbani.

Mwera na machozi

Si haki kuisifu njia ya maji bila kutaja gharama yake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera huvuma kutoka kusini na kulipita ziwa kwa urefu wake wote bila kizuizi, na kufika kaskazini umekusanya mawimbi makubwa. Mwera huweza kudumu siku kadhaa. Wakati mwingine huanza ghafula, chombo kikiwa katikati ya majabali mawili pasipo ufukwe wa kukimbilia.

Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples wa UMCA alizama katika ziwa hili akiwa njiani kwenda Likoma, muda mfupi tu baada ya kuwekwa wakfu. Mwaka 1946 meli Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama upande wa Nyasaland katika dhoruba, na watu 145 wakapoteza maisha. Hao wameandikwa. Waliozama mmoja mmoja kwa mitumbwi, wakienda arusini, kilioni au sokoni, hawana orodha. Karibu kila ukoo wa mwambao una jina ambalo hutajwa kwa sauti ya chini ziwa linapochafuka.

Kwa hiyo wazee walikuwa na kanuni. Safari ilianza alfajiri. Chombo kiliambaa pwani, hakikukata katikati ya ghuba kwa haraka. Aliyeketi tezi ndiye aliyeamua, hata kama chomboni alikuwamo mkubwa kuliko yeye. Mawingu yakibadilika, watu walishuka kwenye ufukwe wa karibu na kulala hapo, na mwenye nyumba ya karibu alilazimika kuwapokea awe anawajua au hawajui. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa boya la kwanza la kuokoa maisha. Mahali ambapo hakuna anayefungiwa mlango, hakuna anayelazimika kupambana na mawimbi usiku.

Misiba mikubwa ya majini iliyolipata taifa letu, ule wa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na ule wa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, yote katika Ziwa Victoria, imetukumbusha kwamba kujaza chombo kupita kiasi ni kumjaribu Mungu. Mzee wa kanisa anayekataa kwaya isipande mtumbwi uliojaa hajapungukiwa imani. Anatunza kundi.

Meli, barabara na mpaka

Baada ya uhuru meli za abiria kama MV Songea na MV Iringa zilifanya safari kutoka Itungi kuelekea Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Siku ya meli ilikuwa siku kuu. Mizigo, barua, wagonjwa, wanafunzi na wageni wa mikutano ya injili vilishuka pamoja. Mahali pengi hapakuwa na gati, na mitumbwi ilitoka kuilaki meli na kupokea abiria majini. Meli hizo zilipozeeka na safari zikakatika mara kwa mara, mwambao ulihisi upweke ambao mtu wa barabarani hawezi kuuelewa. Mwaka 2021 meli MV Mbeya II, iliyojengwa hapahapa Kyela na yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi, na matumaini yakafufuka.

Barabara nazo zimekuja. Lami imefika Matema kutoka Kikusya kupitia Ipinda, na simu za mkononi zimefika mahali ambapo posta haikufika. Haya ni majibu ya maombi ya miaka mingi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hapaswi kungoja mwera utulie.

Ziwa hili pia ni mpaka. Tangu mwaka 1967 serikali za Tanzania na Malawi zimetofautiana kuhusu mahali mpaka unapopita, Malawi ikirejea mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa mwaka 1890 na Tanzania ikishikilia mstari wa katikati ya maji, na mwaka 2012 tofauti hiyo ilizusha hofu kwa wavuvi. Ni kazi ya wenye mamlaka kulitatua jambo hilo kwa amani. Kazi ya Kanisa ni kukumbusha kwamba ng'ambo ya Songwe na ng'ambo ya ziwa wako watu wanaosema lugha zinazoelewana, wenye majina ya koo yaleyale na nyimbo zilezile. Yaliyowapata Rhoades na Berndt yasiwapate wajukuu wa mwambao.

Urithi wa miaka mia moja

Swali linalobaki mbele ya kizazi hiki ni zito. Njia ya maji iliwalazimisha watu kutembeleana, kwa maana hapakuwa na namna nyingine ya kujua kama nduguyo yu hai. Aliyefika alikuwa amejitoa mhanga kidogo, na aliyempokea alilijua hilo. Leo salamu hutumwa kwa sekunde moja, na pole ya msiba huweza kutumwa pamoja na fedha bila mtu kuondoka kitini. Fedha hiyo ni njema. Lakini simu haikai na mfiwa usiku kucha, wala haioni kwamba paa la mjane linavuja.

Viko vijiji vya mwambao ambavyo bado hukaa muda mrefu bila kushiriki Chakula cha Bwana, kwa sababu mchungaji ni mmoja na ufukwe ni mrefu. Usharika unaosherehekea miaka mia moja na kuwasahau hao utakuwa umesherehekea majengo. Yafaa basi ratiba ya baraza la wazee iwe na siku za kuambaa mwambao kama ilivyo na siku za harambee, na vijana wa kipaimara wafundishwe kwamba kwenda kusalimia ni sehemu ya imani waliyoikiri.

Waliotutangulia hawakuwa na vyombo bora. Walikuwa na mtumbwi wa mti mmoja, kafi mbili, kapu la mchele au samaki wakavu wa kumpelekea mwenyeji, na wimbo wa kupigia kafi kwa pamoja. Walisema ndaga kwa kila kilichotolewa, kikubwa au kidogo. Kwa vitu hivyo walilishona Kanisa, kijiji kwa kijiji, chini ya milima mirefu. Mungu aliyewavusha wao alijalie Kanisa lake karne ya pili yenye watu walio tayari kushuka ufukweni alfajiri na kwenda.